Mkuu Mpya wa Shule ya Ukutubi: Mkutubi au Mtu wa Kompyuta?

Tangazo la mkuu mpya wa shule ya ukutubi, yaani sayansi ya maktaba, katika chuo kikuu huwa fupi: jina, shahada, alikotoka, tarehe ya kuanza kazi, na shukrani kwa anayeondoka. Wakutubi wa Nairobi wakilisoma, mjadala huwa ule ule. Aliyeteuliwa akiwa amesomea kompyuta au mifumo ya taarifa, wako wanaosema shule imeuzwa. Akiwa mkutubi aliyezeekea kwenye katalogi, wengine wanasema shule imerudi nyuma. Pande zote mbili zina hoja nzito, na historia imeshazijaribu.

Wanaotaka mtu wa kompyuta huanzia Marekani, na hawakosei. Chuo Kikuu cha Chicago kilifunga shule yake ya ukutubi mwaka 1989, ingawa ndiyo iliyotangulia nyingine nchini humo kutoa shahada ya uzamivu katika fani hii. Columbia ikafuata mwaka 1992, na hiyo ilikuwa shule aliyoiasisi mwaka 1887 Melvil Dewey mwenyewe, aliyebuni mfumo wa nambari wa kupanga vitabu unaoitwa kwa jina lake. Walimu wake hawakuwa wabovu. Shida ni kwamba shule za namna hii zilikuwa ndogo, zilizungumza zaidi na maktaba kuliko na vitivo jirani, na siku wakubwa wa chuo walipokaa kupunguza gharama hapakuwa na kitivo kingine kilichoona kitapungukiwa zikiondoka. Michigan walichukua njia nyingine. Mwaka 1992 walimkabidhi shule yao Daniel Atkins, mhandisi wa kompyuta, na kufikia 1996 ilikuwa imegeuzwa kuwa Shule ya Taarifa, neno maktaba likaondolewa kwenye jina. Berkeley walimpa yao mwanauchumi, Hal Varian. Zote mbili zipo hadi leo, na zina nguvu.

Ila Berkeley ina upande wa pili ambao watetezi wa hoja hii huupita haraka. Shule hiyo haina tena ithibati ya Chama cha Maktaba cha Marekani, na maktaba nyingi za huko huitaka ithibati hiyo kabla ya kumwajiri mkutubi. Kijana wa kaskazini mwa California anayetaka kazi ya maktaba sasa husomea San José. Berkeley iliokoa shule, lakini ualimu wa wakutubi haumo tena ndani yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeusifu mfano huo ni hili: anataka kuokoa jengo na walimu, au anataka kuokoa kazi yenyewe?

Karibu na nyumbani kuna Makerere, na naona ndiyo inayotufaa zaidi. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza huko mwaka 1963 na ikawafundisha wakutubi wa Kenya kwa miaka mingi, kabla Chuo Kikuu cha Moi hakijafungua kitivo chake cha sayansi ya taarifa huko Eldoret mwaka 1988. Makerere ilipojipanga upya, shule hiyo iliwekwa ndani ya koleji ya kompyuta na sayansi ya taarifa. Haikuyeyushwa humo. Ilibaki shule, pamoja na mkuu wake na jina lake, chini ya prinsipali wa koleji. Muundo huo una manufaa ya wazi: mtu wa kompyuta akikaa juu kabisa, bado kuna kiti kilichoandikwa ukutubi ambacho lazima kijazwe.

Nairobi kiti hicho mara nyingi hakipo. Ukutubi hufundishwa kama idara ndani ya kitivo kikubwa, na mwenye neno kuhusu pesa na nafasi za kazi ni mkuu wa kitivo. Mwenyekiti wa idara hupanga ratiba, huitisha vikao, hufuatilia alama zilizopotea. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilivunja mfumo wa koleji zilizoongozwa na maprinsipali na kuvipa vitivo vichache vikubwa nguvu zao. Kwa hiyo habari kubwa kwa mwanafunzi wa ukutubi inaweza kuwa uteuzi wa mtu ambaye jina lake halijawahi kutajwa katika idara yake.

Kuna pengo jingine la Kenya. Nigeria ina baraza la kisheria la kusajili wakutubi tangu mwaka 1995. Sisi tuna chama cha hiari. Wahandisi na mawakili wana bodi zinazoweza kupiga kelele somo la msingi likitolewa kwenye mtalaa, lakini mkutubi hana chombo cha namna hiyo. Anayebaki ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo hupitia programu za fani zote, kuanzia kilimo hadi theolojia. Hii ndiyo sababu ninaona hofu ya wakutubi kuhusu kiongozi wa nje ina uzito zaidi hapa kuliko Michigan. Akiamua kukata, wa kumzuia ni wachache.

Akate nini, hasa? Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana mjadala huu huharibika unapoelea juu.

Chukua maabara ya katalogi yenye kompyuta zinazoendesha Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyotoka New Zealand na ambayo maktaba nyingi za Kenya zinaitumia. Mwanafunzi amepewa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Anaingiza nambari ya ISBN, mfumo unaitafuta rekodi kwenye katalogi za mbali kwa itifaki ya Z39.50, rekodi inashuka, anaihifadhi. Dakika mbili, kazi imekwisha. Mtu wa kompyuta akitazama, ana haki ya kuuliza kwa nini somo hili limepewa mihula miwili.

Sasa mpe mwanafunzi huyo huyo tasnifu ya uzamili kuhusu Ngũgĩ, au ripoti ya kaunti, au diwani iliyochapwa na mchapishaji mdogo wa River Road. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi hapa Nairobi tangu mwaka 1966 na huorodhesha vitabu vingi vya kwetu, lakini tasnifu, ripoti na vijitabu vya namna hii mara nyingi havina rekodi popote. Lazima aiandike mwenyewe. Hapo ndipo inapoonekana nani amefundishwa. Asiyefundishwa atalipindua jina na kuandika "Thiong'o, Ngũgĩ wa", kwa kuwa kila fomu aliyowahi kujaza ilitaka jina la mwisho kwanza. Kichwa kinachokubaliwa, yaani namna jina la mwandishi linavyoorodheshwa kwenye katalogi, ni "Ngũgĩ wa Thiong'o", kama kilivyo, kwa kuwa Thiong'o ni jina la baba na si la ukoo kwa maana ya Kizungu. Kisha anakuja mshairi Ahmed Sheikh Nabhany, na mwanafunzi huyo huyo asiyefundishwa anamwandika chini ya Sheikh. Matokeo yake ni mwandishi mmoja kugawanyika mara mbili au tatu ndani ya katalogi moja, na msomaji anayebofya jina kuonyeshwa nusu ya kazi zake. Hakuna programu itakayomwonya mwanafunzi, kwa sababu mashine haioni kosa lolote.

Na bado mkutubi asifurahi mapema. Kichwa kimeandikwa sawasawa, na alama zake juu ya u na i. Msomaji anakuja kaunta ya nje, anaandika "Ngugi" bila alama, kama tunavyoandika sote kwenye simu. Injini ya kutafutia isiposanidiwa kuzilinganisha ũ na u, haitamletea kitu. Au kitabu kimeingizwa asubuhi na hakionekani jioni, kwa kuwa kazi ya kusasisha indeksi ilisimama umeme ulipokatika na hakuna aliyejua kuianzisha tena. Au seva imeungua pamoja na nakala rudufu zake, kwa sababu nakala hizo zilikuwa zikihifadhiwa kwenye diski ile ile. Mhitimu aliyepata A katika uainishaji na anayejua kwamba nambari ya fasihi ya Kiswahili katika mfumo wa Dewey ni 896.392 atasimama hapo akimsubiri fundi wa tehama, naye fundi huyo ana ofisi kumi na tano nyingine za kuhudumia. Hoja ya upande wa kompyuta hupata nguvu yake hapa, na ni nguvu ya kweli.

Kwa hiyo kazi hiyo moja, kumwezesha msomaji ampate Ngũgĩ, inahitaji maarifa mawili ambayo hayachukuani nafasi. Shida ni kwamba nafasi za kazi huchukuana, na hapa ndipo mabadiliko ya uongozi yanapouma kimyakimya.

Somo halifutwi kwa tangazo. Kulifuta rasmi ni kazi ndefu: utafiti wa mahitaji, warsha ya wadau, bodi ya idara, bodi ya kitivo, kamati ya wakuu wa vitivo, Seneti, kisha Tume. Huenda ikachukua mwaka na zaidi, na mwanafunzi wa kwanza wa mtalaa mpya huhitimu miaka minne baadaye, wakati mkuu aliyeuanzisha keshaondoka. Njia fupi ni ikama, yaani mpango wa nafasi za kazi. Mhadhiri wa katalogi anastaafu. Nafasi yake haitangazwi, au inatangazwa kwa jina pana, "mhadhiri wa mifumo ya taarifa", na anayeajiriwa ni mtaalamu wa mitandao. Somo linabaki kwenye ratiba, linapewa mhadhiri wa muda ambaye malipo yake huchelewa, saa za maabara zinageuzwa mihadhara ya ukumbini kwa kuwa darasa limekuwa kubwa, na katika miaka mitatu mwanafunzi anamaliza katalogi bila kuandika rekodi moja kamili kwa mikono yake. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Hata wakaguzi wakija watalikuta somo lipo.

Haki itendeke: mkuu aliye mkutubi hufanya hivi pia, kinyume chake. Hulinda nafasi tatu za uainishaji kwa sababu ni za wenzake, na maabara inaendelea na seva isiyo na mtu. Shule za ukutubi zimepoteza wanafunzi kwa ukaidi huo kama zilivyowapoteza kwa sababu ya watu wa nje.

Pande zote mbili humsahau wa tatu, naye ni mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Kaunti 47, hospitali, benki, mahakama, zote zina masijala. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamlazimu ofisa kuitoa hati inapoombwa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlazimu asikae na data za watu kupita muda unaohitajika. Huwezi kutii hata moja kama hujui faili liko wapi na linapaswa kuteketezwa lini. Kazi hiyo si katalogi wala si usimbaji wa programu, na mimi ningemtazama mgombea kwa anavyoizungumzia kabla ya kuuliza alisomea nini.

Kuna hali moja mbaya kuliko chaguo lolote kati ya haya: kaimu asiyekwisha. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inaweka ukaimu usipungue siku 30 wala usizidi miezi 6, na sababu yake ni rahisi kuiona. Kaimu hatii sahihi mpango wa miaka minne. Haombi nafasi mpya kwa kuwa hajui kama atakuwepo zitakapojazwa. Washirika wa nje wanaotaka makubaliano ya mafunzo kazini humwambia kwamba watamsubiri mkuu kamili. Habari za uteuzi zinapochelewa, wafanyakazi hubishana kuhusu nani atakuja, huku nafasi za waliostaafu zikipita muda bila kuombwa.

Muda wenyewe una kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio ya kitivo huandikwa miezi kabla ya hapo. Anayeingia ofisini Agosti huikuta bajeti ya mtangulizi wake. Kumhukumu kwa mwaka wake wa kwanza si haki. Kinachoweza kufanyika mapema ni makabidhiano kamili: orodha ya nafasi zilizo wazi na tarehe kila moja ilipoachwa, hali ya kila alama inayokosekana, tasnifu zilizokwama na wasimamizi wake, nywila za seva, mahali nakala rudufu ziliko, na barua za makubaliano na maktaba zinazopokea wanafunzi. Nywila ni jambo dogo, lakini maabara nzima inaweza kusimama muhula mzima kwa sababu aliyezijua ameondoka.

Mimi ningemkubali mtu wa kompyuta kuongoza kitivo chenye ukutubi ndani yake, kwa masharti ambayo lazima yaandikwe kabla ya usaili, maana baada ya uteuzi hakuna atakayeyasikiliza. Mwenyekiti wa idara awe mkutubi. Nafasi ya katalogi itangazwe kwa jina lake. Saa za maabara zihesabiwe kwa kila mwanafunzi, na idadi ya rekodi ambazo lazima aandike mwenyewe, bila kushusha za wengine, iwekwe kwenye kanuni za mtihani. Na ningemkubali mkutubi kwa sharti moja lisilo jepesi: nafasi ya kwanza atakayoomba iwe ya mtu wa kusimamia mifumo, mwenye mkataba wa kudumu, aliyeajiriwa na idara yenyewe.

Maombi hayo huandikwa kabla ya Julai. Tangazo likitoka leo, cha kumuuliza mkuu mpya ni nafasi gani ataiweka ya kwanza kwenye orodha hiyo.