Msiba wa Njomba: sikilizeni na upande wangu

Najua mmeshasikia. Hadi mama muuza mihogo wa stendi leo asubuhi kaniuliza, "Njomba hajambo?" akacheka mpaka kijiko kikamdondokea kwenye mafuta. Huyo rafiki yangu muuza chipsi anayewatangazia kwamba nimekula ubani wa paka, kawapa nusu ya habari. Nusu nyingine inamhusu yeye, ndiyo maana kairuka.

Kwa wageni: Njomba ni paka. Huku kwetu Mtwara njomba ndiye mkubwa wa ukoo, akikohoa watu wananyamaza. Huyu kaingia nyumbani Chikongola mwaka 2009 akiwa wa kutosha kwenye kifuu cha nazi, na siku ya kwanza tu akala kabla ya watu wote, akapanda kwenye kiti cha marehemu baba, akalala bila kusalimia mtu. Jina likaja lenyewe. Mama hajawahi kulitamka, yeye anamwita "kiumbe". Shikeni hapo. Bomba la gesi linazinduliwa kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2015, Njomba tayari ana wajukuu mitaa mitatu. Sasa ni kiziwi, meno kabakiwa na mawili, na kucha hazirudi tena ndani. Akipita kwenye sakafu ya saruji unasikia ti-ti-ti-ti, kama karani anapiga taipu usiku wa manane.

Juzi akagoma kula. Bwana mifugo akamminyaminya tumbo, akasema figo, na uzee. Usiku nikarekodi sauti kwenye kundi letu, nalia kidogo (haya, nalia sana): "Wadau, Njomba hali, hanywi, sijui kama atafika asubuhi." Nikaweka simu chaji, nikalala. Kulipokucha alikuwa bado anapumua. Nikaiacha simu palepale, mbio Feri kumtafutia kichwa cha changu nimchemshie supu.

Saa hizohizo muuza chipsi yuko hewani anawapigia watu, na "hatafika asubuhi" kashaifikisha.

Narudi na mfuko wangu wa samaki, nakuta mikeka uani. Wazee na kofia zao, sahani ya ubani, daftari. Ndani kanga zimejaa, na sauti ya mtu analia. Magoti yakaniishia nguvu, nikajua mama. Mzee mmoja akanishika bega: "Jikaze mwanangu. Njomba katutangulia."

Hapa nichekeni, ruhusa. Nilimshukuru Mungu si mama, kisha nikalia kwelikweli, na katikati ya kilio nikawa nawaza: kumbe mtaa huu una utu! Watu wote hawa, msimu wa korosho huu, wameacha shughuli zao kwa ajili ya paka wangu. Nikakumbuka nilivyozoea kuwasema. Aibu ikanishika, nikaona lazima nitoe shukrani.

Nikasimama, mfuko mkononi, maji ya samaki yanadondokea mkeka wa watu.

"Wazee wangu, asanteni. Njomba hakuwa mtu wa maneno mengi." Vichwa vikaitikia. "Mnamjua, alipenda sana vichwa vya samaki."

"Kweli, kweli," akasema mmoja.

"Siku hizi za mwisho alikuwa anakojoa popote, hata kwenye viatu vya mama, lakini hatukumchapa."

Kimya. Nikadhani uchungu umewazidi, nikaongeza sauti.

"Ujanani hakushikika. Usiku halali nyumbani. Hata hapo jirani," nikanyoosha mkono, jamani, nilinyoosha mkono wenyewe huu ninaoandikia, "wale wanne wa nyumba ya bati jekundu ni wake. Rangi haifichiki."

Mwenye nyumba ya bati jekundu alikuwa mbele yangu, hatua mbili. Akanitazama, akageuka akaitazama nyumba yake, akanitazama tena. Tasbihi zikasimama. Nzi akatua kwenye mfuko wangu nikamsikia. Nikaanza kuhisi kuna kitu, lakini kitu gani sijui, na mkono bado umenyooka.

Ndipo mlango wa ua ukalia nyuma yangu, na sauti niliyoijua tangu nanyonya ikasema, "Poleni wenyewe. Nani katutoka?"

Nikageuka. Njomba. Njomba wa Newala, kaka yake mama, tumbo moja. Kapu la ming'oko kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Simu yake ilikuwa imezima chaji tangu jana, na kule kutopatikana ndiko kulikowathibitishia watu kwamba kafa. Kumbe mtu kateremka mjini kufuatilia pesa zake za korosho.

"Njomba," akasema mzee wa daftari, sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

"Njomba yupi?"

"Njomba wa huyu."

Akanitazama taratibu, kuanzia miguuni. "Njomba wa huyu si mimi?" Kisha akatua kapu chini. "Halafu nimesimama hapa tangu kwenye vichwa vya samaki."

Sikujibu. Ningejibu nini? Na katika kimya kile, kutoka koridoni: ti-ti-ti-ti. Watu wakapisha njia. Kiumbe kikaja kimekonda, kimesimamisha mkia, kikapita katikati ya mikeka, kikatumbukiza kichwa kwenye mfuko wangu, kikala.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama alitoka, akamwona kaka yake, akapiga yowe, akaniona mimi, akatafuta mwiko. Ubani ulirudishwa kwa daftari, jina kwa jina. Ikabaki mia tano isiyo na mwenyewe, ndiyo hiyo "niliyokula". Kwa bati jekundu nimeenda mara tatu, mara ya mwisho na kitoto kimoja cha paka mkononi kama ushahidi. Mkewe anacheka. Yeye bado.

Mama kaamuru paka abadilishwe jina, sasa ni Kiumbe rasmi. Mwenyewe hajali, hasikii. Njomba anarudi Newala kesho. Kichwa kilichobaki kaomba apikiwe yeye, maana kashatangazwa anavipenda. Na leo asubuhi nimemkuta mlangoni anainua kiatu kimoja kimoja, ananusa ndani kabla ya kuvaa, huku ananitazama mimi.