Machozi ya Cleveland yana filamu, ya K'Ogalo na Ingwe je?

Nilihamia Cleveland, jimbo la Ohio, mwaka 2011 nikitoka Manyatta, Kisumu. Katika ghala nilikofanya kazi kwanza kulikuwa na mzee mmoja, shabiki wa Browns, timu ya futboli ya Kimarekani. Kila Januari alinisimulia upya jinsi mpira ulivyomponyoka Earnest Byner kule Denver mwaka 1988, hatua chache kabla ya mstari wa goli, ikiwa imesalia dakika moja na ushei. Angepita, Browns wangesawazisha. Mzee aliisimulia kama msiba wa nyumbani: nani alikuwa ameketi wapi, nani alitoka nje akalia, chakula gani kilipoa mezani.

Nilimwelewa, maana mimi ni mtoto wa K'Ogalo, yaani klabu ya soka ya Gor Mahia. Wiki chache tu kabla ya msiba wake, Desemba 1987, Gor Mahia walitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, na kwa kuwa kule Tunis walikuwa wametoka 2-2, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Klabu ya Kenya ilikuwa haijawahi kushinda kombe la bara. Baba aliisikiliza mechi kwa redio ya mawe, yaani betri, na mawe yenyewe aliyaanika juani tangu asubuhi yasije yakamzimikia. Majina ya Peter Dawo na nahodha Austin Oduor niliyajua kabla sijajua kusoma.

Sasa, mpira ule ulioponyoka una filamu. Mwaka 2016 ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, walionyesha makala marefu kuhusu mji huu, ambao timu zake kubwa zilikuwa hazijaleta ubingwa tangu 1964. Byner mwenyewe anaongea humo. Mashabiki wanaongea. Inasimuliwa pia ile Novemba ya 1995, mwenye Browns alipotangaza kwamba anaihamishia timu Baltimore. Mwezi mmoja baada ya filamu kutoka, Cavaliers wa hapa Cleveland wakashinda ubingwa wa mpira wa kikapu na mwisho wake ukabidi uongezwe. Siku ya maandamano ya kombe nilisimama barabarani katikati ya bahari ya watu, wazee wakibeba picha za baba zao waliokufa bila kuiona siku hiyo, na mawazo yangu yote yalikuwa Kondele, kule Kisumu.

Kwa sababu 1995 ni mwaka wetu pia. Gor walishinda ligi mwaka huo, kisha ukaja ukame wa miaka 18. Watoto walizaliwa Kisumu, wakamaliza sekondari, wakapata vitambulisho, hawajawahi kuona timu yao ikiwa bingwa, na bado waliimba. Ubingwa ulirudi 2013, mimi nikiwa huku. Ndugu yangu alinipigia simu, nikasikia honi za bodaboda kuliko sauti yake. Nililia chooni kazini.

Upande wa mama ni Ingwe, yaani AFC Leopards, wapinzani wa jadi wa Gor. Nyumba yetu ilikuwa debi ya Mashemeji, mechi ya Gor na Leopards, yenyewe, na siku ya mechi mama alipika mapema ili ugomvi uanze watu wameshiba. AFC Leopards ilianzishwa 1964 kama Abaluhya United, mwaka uleule ukame wa Cleveland ulipoanza. Baada ya ubingwa wa 1998 wamengoja zaidi ya robo karne, na isukuti, ngoma ya Waluhya, haijanyamaza jukwaani. Mtu akiniambia hakuna hadithi hapo, sikubaliani naye hata kidogo.

Kamera za wageni zikija pande zetu hupanda Iten moja kwa moja kutafuta wakimbiaji: vumbi jekundu, ng'ombe, mtoto pekupeku. Bingwa anaonyeshwa kama mtu asiye na majirani, asiye na shabiki hata mmoja aliyekesha kwa ajili yake. Filamu za Cleveland nazipenda kwa kinyume cha hayo. Zinampa kiti shabiki wa kawaida, na aliyeshindwa anapewa nafasi ya kujieleza. Kwetu, aliyekosa penalti hutukanwa wiki nzima, halafu jina lake halitajwi tena.

Najua nitajibiwa kwamba sisi hatuhitaji filamu, tuna nyimbo. Ni kweli, na mashabiki wa hapa wangetoa pesa nyingi kupata uwanja unaoimba dakika tisini. Lakini wimbo haukumbuki nani alimpasia nani. Joe Kadenge, nyota wa soka wa zamani, alifariki 2019. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio ambaye sauti yake ndiyo iliyotuachia "Kadenge na mpira", alifariki Februari 2025. Tunaotumia vijana wa Kisumu na Kakamega pesa za jezi na data kutoka ughaibuni tungeweza pia kuwatumia za kamera moja nzuri na nauli ya kuwafikia wazee. Kazi hiyo inawezekana bila kusubiri ESPN.

Mimi nimeanza na mjomba, Vihiga. Likizo iliyopita niliweka simu juu ya stuli, nikamwomba aanze na siku ya kwanza alipoiona Ingwe. Alizungumza hadi chai ikaganda utando. Tulipofika 1998 alinyamaza, akaniashiria kwa mkono nizime. Nikazima. Tukakaa tukiwasikiliza kuku. Kisha akasema, "Washa, mwanangu, kuna beki mmoja nimemruka."