Mpini Bila Noleo Haujesha

Ukipita kwa mafundi seremala wa Unguja, iwe Jang'ombe, iwe Mwera, chukua patasi yoyote utakayoikuta juu ya meza uitazame pale chuma kinapoingia kwenye mti. Mara nyingi utakuta pamezongwa waya, au mpira wa baiskeli uliochanwa, na chini ya mpira huo mpini umepasuka. Chuma chenyewe kizima, kingefanya kazi miaka. Kilichokosekana ni noleo, ile pete inayoubana mpini mdomoni, na mimi nasema wazi: anayeuza mpini bila noleo ameuza kazi nusu.

Mkia wa patasi, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ni mwembamba nchani na mnene juu. Kila unapogonga, unazama ndani na kufanya kazi ya kabari. Mti nao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na nyuzi za mpini zimelala sambamba na mkia huo. Hata mpera, ambao ndio mti ninaoupenda kwa mipini kwa ugumu wake, haukwepi. Kinachoweza kuuzuia ufa ni kitu kinachouzunguka mpini kwa nje kikakataa kutanuka. Waya hulegea, mpira huvutika.

Na malighafi tunayo. Kila hoteli inapobadilisha viyoyozi, mabomba ya shaba nyekundu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yakauzwa kwa kilo. Noleo moja la patasi linataka sentimita moja na nusu tu, kwa hiyo mita moja ya bomba inatoa zaidi ya 50. Bomba la chuma la maji linafaa pia, ila kwa hewa yetu ya bahari litaliwa na kutu. Shaba hubadilika rangi tu.

Kulitengeneza hakutaki mashine. Zungushia bomba ukanda wa karatasi, ncha zikutane sawasawa, uchore alama kando yake. Hapo msumeno wa chuma utakata wima bila kuyumba. Sawazisha kwa tupa bapa, kisha tupa ya mviringo ipite ndani kuondoa makali, maana makali hayo ndiyo yanayoukwangua mti pete inapoingia. Shaba ikiwa ngumu, ipashe moto mpaka ianze kuwa nyekundu. Hata ukiitumbukiza kwenye maji italainika, tofauti kabisa na chuma cha patasi, ambacho ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu.

Shingo ya mpini ichonge iwe nene kuliko tundu la pete kwa unywele tu, ncha uiteremshe kidogo ili pete ipate pa kuanzia. Igonge taratibu mpaka ikae kwenye bega. Hapo sasa ndipo utoboe tundu la mkia, na patasi iingie mwisho. Wengi hufanya kinyume: hupigilia patasi kwanza, na mpini ukianza kuachia ndipo wanatafuta dawa. Lakini pete haipiti tena, upana wa patasi unaizuia. Ndiyo maana wanaishia kwenye waya.

Jambo linaloniudhi zaidi ni mti mbichi. Mpini uliokatwa masika ukavishwa noleo kabla haujakauka, kaskazi ikivuma utasinyaa na pete itaanza kucheza. Wapo wanaoitumbukiza patasi kwenye ndoo ili mti uvimbe. Itabana siku hiyo, lakini nyuzi zinazovimba ndani ya pete hupondeka, na mti ukikauka tena pete hulegea kuliko mwanzo. Kausha mti kivulini, tena kwa subira. Njia ya mkato hapa haipo.

Mteja atakwambia, "Fundi, tia waya tu, yatosha." Mwambie haitoshi, na umtoze haki yako. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ya nakshi ni katika vitu tunavyojivunia mno. Nakshi ile ni kazi ya patasi. Inaniuma kuona kijana anayejifunza kuichonga akishika mpini uliofungwa raba, unaomtikisika mkononi kila anapotaka mstari mwembamba. Ningependa kila mwanafunzi wa useremala, kabla hajapewa ubao wa kuchonga, atengeneze mpini wake mwenyewe na noleo lake, na mwalimu aukague.

Mafundi viyoyozi, nanyi nina ombi. Vile vipande vifupi mnavyobakisha mkikata mabomba, msivitie vyote kwenye gunia la chakavu. Vya robo tatu inchi vinafaa patasi, vya nusu inchi vinatosha tupa ndogo na visu. Mpelekeeni seremala wa mtaani kwenu.