Bendera mikononi mwa wapinga vita

Hapa Mtwara mtu anayehubiri kupinga vita kwa jina la uzalendo hapati wasikilizaji kirahisi. Makaburi ya Naliendele yana askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, na wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea. Mzalendo tunayemjua sisi alishika bunduki, tena kwa haki. Kwa hiyo tukimwona Mmarekani anaandamana kupinga vita huku amebeba bendera ya nchi yake, wengi tunamwita mnafiki. Nadhani tunamwonea.

Tarehe 4 Mei 1970, askari wa akiba wa jimbo la Ohio waliwaua wanafunzi 4 katika chuo cha Kent State, kwenye maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Gallup, kampuni ya kura za maoni, wakauliza wananchi: nani alaumiwe? Asilimia 58 wakawataja wanafunzi. Waliowataja askari walikuwa asilimia 11. Takwimu hiyo hainitoki kichwani, kwa sababu kufikia mwaka huo Wamarekani wengi walishasema kwamba kuingia Vietnam lilikuwa kosa. Yaani watu waliokwisha kuchoshwa na vita bado hawakuwataka waliovipinga! Siku nne baadaye, New York, mafundi wa ujenzi wakawapiga waandamanaji mchana kweupe, na bendera walikuwa nayo wapigaji.

Aprili 1971 askari waliorudi Vietnam walisogea mmoja mmoja mbele ya Bunge, Washington, wakarusha medali zao ng'ambo ya uzio. Baadhi walitaja rafiki waliyemzika. Watu hao ungewaitaje wasaliti?

Wapinga vita wanaokataa kubeba bendera wana hoja nzito: bendera huwahesabu wafu wake tu. Ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam huko Washington una majina zaidi ya 58,000, yote ya upande mmoja. Wavietnam, waliokufa wengi zaidi, hawamo. Sisi wa kando ya Ruvuma tunalijua hilo: Mmakonde wa Newala na wa Mueda, ng'ambo Msumbiji, ni ndugu, na wanaouawa huko Cabo Delgado tangu 2017 tunawalilia bila kuuliza uraia.

Lakini kilio hicho hakipigi kura. Bunge la Marekani lilikata fedha za mashambulizi ya nchi yao Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia) kuanzia 15 Agosti 1973, na wabunge wale walichaguliwa na watu wa aina ile ile ya asilimia 58. Mkulima wa Kambodia aliyekuwa chini ya ndege hakuwa na mbunge Washington. Aliyekuwa naye ni fundi wa Ohio, na huyo anamsikiliza kwanza anayeipenda nchi yake.