Kumeza Si Kumaliza

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Mikindani aliingia darasani akichechemea. Mwiba ulikuwa umemchoma kisiginoni, nyumbani wakautoa wakidhani umetoka wote, na siku ya tatu mahali pale pakavimba na kutunga usaha, hata alipopaminya ncha iliyobaki ikachomoka yenyewe. Niliwauliza wenzake usaha ni nini, nao wakanijibu kwa pamoja jibu walilolikariri tangu shule ya msingi, kwamba ni askari wa mwili waliofia vitani. Jibu hilo si la uongo, kwa kuwa sehemu kubwa ya usaha ni mabaki ya seli nyeupe za damu, lakini kadiri ninavyoendelea kulifundisha somo hili ndivyo ninavyoona kwamba neno askari linatuficha jambo lenyewe. Askari hupiga, hukamata na kufukuza, ilhali kazi kubwa ya seli hizi ni kula.

Aliyetambua kwamba ulaji huo ndio kinga alikuwa Ilya Mechnikov, mtaalamu wa wanyama, na yeye pia alianza na mwiba. Mwaka 1882 akiwa Messina, katika kisiwa cha Sicily, jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, naye akabaki nyumbani na hadubini yake, akichunguza vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao huonekana hadi ndani. Alichuma miiba bustanini akavichoma nayo chini ya ngozi, na asubuhi iliyofuata akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka kila mwiba. Sisi tunaokaa pwani tunaviruka viti vya pweza kila maji yanapokupwa, wala hatufikirii kwamba mnyama huyu ndiye aliyempatia mtu Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, ambayo Mechnikov aligawana na Paul Ehrlich.

Ulaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa utulivu. Seli iitwayo makrofaji, mojawapo ya seli nyeupe hizo, haina kinywa, hivyo popote kwenye ngozi yake panaweza kuwa kinywa. Inapogusana na kijidudu kilichobandikwa kingamwili, yaani protini zinazokitia alama, vipokezi vilivyo juu yake huvishika vibandiko hivyo kimoja baada ya kingine, mithili ya zipu inayofungwa, huku ndani nyuzi za protini iitwayo aktini zikijijenga na kuisukuma ngozi ya seli ipande kukizunguka kijidudu pande zote, hadi kingo zikutane na kukifungia katika kifuko. Ngozi iliyotumika kutengeneza kifuko hicho hufidiwa kwa akiba iliyo ndani, la sivyo seli ingeishiwa ngozi kwa mlo mmoja mkubwa. Baada ya hapo kifuko huungana na vifuko vingine viitwavyo lisosomu, ambavyo Christian de Duve alivitambua miaka ya 1950, na humo asidi na vimeng'enya ndivyo vinavyomaliza kazi. Kwa hiyo kuna hatua mbili, kumeza na kumeng'enya, na mimi nadhani tumewanyima wanafunzi hatua ya pili kwa miaka mingi.

Watafiti wa seli hupenda kuzilisha makrofaji vitu visivyo na uhai ili waone mipaka ya ulaji huo. Huzipa vidonge vidogo mno vya plastiki vilivyopakwa kingamwili, nazo huvimeza bila taabu. Zikiwekwa juu ya kioo kilichopakwa kingamwili hizo hizo, hujitandaza juu yake zikijaribu kukimeza kitu kisicho na mwisho, zikatandazika hadi zikawa bapa kama chapati. (Nilipoiona picha ya jambo hilo kwa mara ya kwanza nilizionea huruma, jambo ambalo si la kisayansi hata kidogo.) Nyuzi ndefu za asbesto zinapoingia mapafuni huzitesa seli kwa namna iyo hiyo, kwa sababu nusu ya uzi huwa ndani na nusu nyingine imebaki nje.

Sasa nije kwenye kifua kikuu, ambacho bakteria wake alitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, mwaka ule ule wa miiba ya Messina. Bakteria huyu humezwa kama wengine, tena humezwa na makrofaji za mapafuni ambazo kazi yao ni kumla, ila akishafungiwa katika kifuko hukizuia kisiungane na lisosomu, akakaa humo na kuzaliana. Mwanafunzi aliyefundishwa habari za askari hawezi kulielewa jambo hili, maana kwake adui aliyekwisha kamatwa ameshindwa. Aliyefundishwa habari za kula ataelewa mara moja, kwa kuwa kila mtu amewahi kula kitu kikamkaa tumboni.

Ndiyo maana huwa nakasirika ninapopita stendi na kumsikia muuzaji akinadi kwa kipaza sauti chupa za mizizi zinazoongeza kinga na kutibu kifua sugu. Jirani yangu mmoja aliacha dozi ya kifua kikuu ya hospitali katika mwezi wake wa pili, kikohozi kilipokatika, akahamia kwenye chupa hizo, na alipoanza kukohoa tena aliniambia, "Mwalimu, si kinga yangu ilikuwa imepanda?" Nilimweleza kwamba kumwongezea bakteria huyu seli za kumla kunaweza kuwa sawa na kumwongezea nyumba za kukaa, na kwamba dozi inachukua miezi 6 kwa sababu, pamoja na mengine, wapo bakteria waliotulia wasioguswa upesi na dawa. Alirudi zahanati, ingawa si kwa furaha.

Upande wa pili wa suala hili tunao hapa hapa Lindi na Mtwara, nao ni matende na mabusha. Mnyoo wa kike anayeyasababisha hufikia sentimita 8 na zaidi, na makrofaji yenye upana wa takribani sehemu ya hamsini ya milimita itakuwa imeingia mara 4,000 katika urefu wake. Hapa hakuna cha kumeza. Seli hujikusanya kumzunguka, naye huendelea kuishi kwa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, akimwaga watoto wake kwenye damu wasubiri mbu.

Wagawaji wa kingatiba, yaani dawa za kuzuia matende na mabusha, wanapopita mitaani, swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni kwa nini dawa zile zile zimezwe tena mwaka huu ilhali zilimezwa mwaka jana. Nawajibu kwamba dawa hizo huwaondoa zaidi wale watoto walio katika damu, na mama yao, ambaye seli zetu haziwezi kumla, hubaki akizaa wengine, hivyo inatubidi tuwaondoe watoto mwaka baada ya mwaka mpaka mama afe kwa uzee wake.