Njia za Usambara zina wenyewe

Tangu mbio za baiskeli za Lushoto ziishe, kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu yetu ya baiskeli. Picha kali, ukungu, watu matope mpaka masikioni, na chini yake maneno: hongera waandaaji kwa kufungua njia mpya milimani. Watu wamemwaga makofi na alama za moto. Mimi nimeusoma nikiwa Ngamiani kwa fundi, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, inakwanguliwa udongo mwekundu kwenye mnyororo, nikajikuta nauliza kwa sauti: mpya kwa nani? Fundi akadhani nauliza bei.

Hakuna njia hata moja kati ya zile tulizopita iliyochongwa kwa ajili yetu. Zimechongwa na miguu ya watu wanaoshuka gulioni na kabichi, wanaopanda na majani ya ng'ombe, wanaokwenda shule, msikitini, kanisani, msibani. Na ndiyo maana kona zake tamu vile. Mtu mwenye mzigo kichwani haupandi mlima wima kama mwendawazimu. Anaukata ubavuni, anatafuta bapa la kupumzikia, analizunguka jabali. Kila kona iliyotufanya tupige kelele za raha ni akili ya mtu mwingine aliyekuwa anatafuta pa kuvutia pumzi. Sisi tulichofungua ni chupa za maji, na nyingine tumeziacha hukohuko.

Nisieleweke vibaya, wikiendi ilikuwa nzuri. Tulitoka Tanga Ijumaa, baiskeli zimefungwa juu ya Coaster, Muheza, Korogwe, Mombo. Pale Mombo wenye miguu wakashuka wapande kwa pedeli, kilomita thelathini na kitu za kona mpaka Lushoto, na wenye busara wakabaki garini wakitupungia mikono. Ukifika Soni unasikia maporomoko kabla hujayaona na jasho linaanza kukuganda mgongoni. Kambi ilikuwa pembeni mwa msitu wa Magamba. Sisi watu wa pwani baridi ya namna ile tunaisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu: jamaa yetu mmoja wa Makorora alilala na kanzu, juu yake jaketi, juu yake kikoi, na bado alfajiri tulimkuta amekumbatia sufuria ya chai. Viazi tulinunua kijijini, maharage tulinunua kijijini, kuni tulinunua kijijini. Hilo nalikubali kabla hajatokea mtu wa kunikumbusha: hela kidogo iliingia kwa wenyeji.

Sasa njoo Jumapili. Mbio, na siku hiyohiyo gulio bondeni. Sijui nani alikaa akapanga hivyo, lakini mtu yeyote aliyewahi kulala Usambara hata usiku mmoja anajua siku ya gulio zile njia zinajaa tangu giza. Utepe wa plastiki ulitundikwa kwenye miti Jumamosi jioni, na asubuhi bibi mmoja alikuwa anapanda na mzigo wa majani mabichi kichwani, kama alivyopanda maisha yake yote, pale ambapo sisi tumeandika kwenye ramani kwamba ni sehemu ya kuteremka kasi.

Anakuja kijana, namba kifuani, miwani ya rangi ya petroli, analia "Pisha! Pisha!" Bibi akapisha. Kupisha pale maana yake ni kukanyaga ukingo wa tuta, na ukingo wa tuta wenye umande ni utelezi mtupu. Mzigo ukaenda zake kwenye maharage ya watu, bibi akashika mgomba akabaki wima. Kijana hakugeuka. Alimaliza wa tatu.

Mimi na jamaa wa Makorora tulikuwa nyuma sana, kwa hiyo muda wa kusimama tulikuwa nao. Tukamwamkia, tukapandisha mzigo, tukamwokotea kata yake. Akatuuliza, "Mnafukuzwa na nani, wanangu?" Jamaa akamjibu, "Hatufukuzwi, bibi, tunashindana." "Mnashindania nini?" "Medali, bibi." Akaitazama ile namba kifuani mwa jamaa, akatutazama tulivyojaa tope, akasema, "Basi nendeni. Wenzenu walishafika."

Nimelisimulia hili kwenye grupu nikajibiwa na mabingwa wawili kwamba ni mbio, na kwenye mbio njia huwa imefungwa. Imefungwa na nani? Na utepe? Wakasema serikali ya kijiji ilipewa taarifa na mwenyekiti alitukaribisha vizuri. Sawa, alitukaribisha, na alikaribisha kweli, hata hotuba alitoa. Lakini ruhusa ya kupita si ruhusa ya kuwafukuza wengine wasipite. Mwenyekiti hakufunga gulio, hakuwaambia ng'ombe wakae na njaa mpaka tumalize kupiga picha.

Tulitazame hili kama watu tunaojua baiskeli. Aliyebeba mzigo kichwani hawezi kuinua uso kutazama juu. Hawezi kuruka. Hawezi kugeuza shingo haraka. Akisimama ghafla, uzito wote unamshukia kiunoni. Wewe unayeteremka unaona mbele, una shokamzoba, una tairi la meno, una breki ambayo ukiigusa kwa kidole kimoja inakamata. Yeye ana shingo, wewe una diski mbili. Nani asimame?

Na wala si jambo ambalo mimi nimelitoa kichwani kwa hasira. Mchezo huu wenyewe ulikozaliwa walishagombana hivihivi. Kaunti ya Marin, California, Oktoba 1976, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu nzitonzito za breki ya kukanyaga kinyumenyume. Breki zilichemka hadi grisi ya ndani ya habu ya gurudumu ikatoka moshi, wakifika chini wanapakia grisi nyingine, na mbio zikaitwa Repack, yaani pakia upya, kwa sababu hiyo. (Kwa hiyo wale wanaomcheka mzee wa Phoenix, ile baiskeli nzito ya kizamani, wakumbuke baba wa mchezo huu ni baiskeli ya aina gani.) Ilipofika 1996 baiskeli za milimani zilikuwa Olimpiki, Atlanta. Lakini katikati hapo, kulekule Marin, watembea kwa miguu na wapanda farasi walichoka kurukiwa kwenye kona. Wakalalamika mpaka baiskeli zikapigwa marufuku kwenye njia nyembamba nyingi, na kwenye zile pana zikawekewa kikomo cha kilomita kama 24 kwa saa, kwenye kona zisizoona mbele kama 8. Nane! Magomvi ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, IMBA, mwaka 1988, na katika kanuni zake mbili hizi zimo: baiskeli humpisha anayetembea kwa miguu, na anayeteremka humpisha anayepanda.

Bibi yule alikuwa anatembea kwa miguu na alikuwa anapanda. Alikuwa na haki mara mbili, bila hata kuhesabu umri.

Na umri tuuhesabu. Sisi wa Tanga tunajisifu kwa adabu mpaka wenzetu wa mikoa mingine wanachoka. Mtu akipita barazani bila salamu tunamjadili wiki nzima. Leo mtoto wa Chumbageni akivaa kofia ngumu na suruali ya kubana anasahau kwamba mwanamke wa umri ule anaamkiwa, hapigiwi kelele? Shikamoo ni pumzi moja. Kama huna hata pumzi moja ya akiba, hukufanya mazoezi.

Halafu kuna jambo la udongo. Ukifunga breki ya nyuma kwenye kona yenye tope, tairi linaburuta na kuchora mfereji. Wakipita watu sabini kwenye mfereji huohuo, mvua ya kwanza inaukuta uko tayari, na maji hayahitaji kualikwa mara mbili. Wewe uko Tanga unakula pweza. Atakayejaza mawe pale ni mwenye shamba. Hawa ni watu wanaoujua mmomonyoko kuliko mimi na wewe. Kule Mlalo, hukohuko Lushoto, Waingereza walianzisha mwaka 1946 mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwa amri, na watu wakaupinga mpaka ukafa miaka ya 1950. Si kwamba hawakutaka kulinda udongo wao. Walichoka kuambiwa na wageni namna ya kuishi na mlima wao. Ningekuwa mimi ndiye mwandaaji, historia hiyo ningeisoma kabla ya kutundika utepe.

Ada ya ushiriki ni kubwa mno kwa kijana wa pale kijijini. Kila mtu analijua hilo na kila mtu ananyamaza. Na ile spika iliyolia mpaka saa nane usiku ukingoni mwa msitu, mbega wa Magamba nao wana haki ya kulala.

Mwakani nitakwenda tena, tusidanganyane. Ila nataka mambo haya. Kwanza mbio zisiwekwe siku ya gulio. Kalenda ya gulio haifichwi, muulize kondakta yeyote wa Lushoto. Kwenye kila kona isiyoona mbele asimame kijana wa kijiji na firimbi, alipwe, na alipwe kabla, siyo apewe fulana. Sehemu ya ada ibaki kwa kijiji kwa ajili ya kurudisha njia ilivyokuwa, na sisi wenyewe tubaki Jumapili jioni tubebe mawe badala ya kukimbilia gari. Na iwepo adhabu ya dakika tano kwa yeyote atakayemfanya mtu mwenye mzigo atoke njiani.

Najua grupu litasema dakika tano ni nyingi, zitaharibu matokeo. Nimechukua karatasi ya muda waliyobandika pale kambini nikapiga hesabu. Mshindi wetu wa tatu angekuwa wa kumi na moja.