Kabla ya kutuma laptop Lubumbashi, tuma karatasi

Kila mwaka wa shule unapokaribia, sisi tulioko Ubelgiji tunaanza tena: michango, laptop kuukuu kutoka maofisini, nafasi kwenye kontena, ili watoto wa Lubumbashi, Kongo, nao wasome nusu darasani na nusu nyumbani kama walivyosoma wenzao wa huku wakati wa korona. Nia ni njema, sibishi. Ila naona tunapeleka chombo na kuacha nyuma utaratibu unaokifanya kifae.

Tuangalie kwanza kilichotokea huku. Kuanzia Novemba 2020, wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari katika shule zinazofundisha kwa Kifaransa walikuwa wanaenda shuleni nusu ya muda tu. Mashine zilikuwepo, intaneti ilikuwepo, na bado wengi walipotea njiani. Mwalimu aliyerusha somo lake lote la dakika 50 kupitia kamera aliishia kuongea na skrini nyeusi. Aliyefaulu ni yule aliyeamua mapema: hili mtoto analiweza peke yake, alibebe nyumbani, hili litamkwamisha, linisubiri darasani. Na huo haukuwa ugunduzi wa korona. Tangu 2001 shule hizo zina kanuni ya kazi za nyumbani: mwaka wa kwanza na wa pili wa msingi hakuna kabisa, wa tatu na wa nne isizidi dakika 20 kwa siku, wa tano na wa sita dakika 30, na lazima mtoto aweze kuifanya bila kusaidiwa na mtu mzima. Kama kuna kitu kimoja cha kuiga kutoka huku, mimi ningechukua sharti hilo la mwisho.

Sasa Lubumbashi. Katika mitaa yake ya Katuba, Kenya na Ruashi, shule ngapi zinafanya zamu mbili katika jengo moja? Elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yalijaa zaidi. Mtoto wa zamu ya asubuhi saa saba mchana yuko nyumbani. Wa zamu ya pili ana asubuhi nzima. Maana yake nusu ya nyumbani tayari ipo, kila siku. Hakuna tu aliyeipangia kitu. Na ile nusu ya darasani, sehemu kubwa inaliwa na kunakili: mwalimu anaandika ubaoni, watoto 60 wanahamishia kwenye kaye, yaani daftari, kengele inalia kabla ya zoezi hata moja.

Hapo ndipo pa kuanzia, na dawa yake ni karatasi. Kila somo litolewe nusu ukurasa wa A4 kwa wiki. Darasa la watoto 60 linahitaji karatasi 30 kwa somo. Chukua masomo manne, hesabu, Kifaransa, fizikia na biolojia, ni karatasi 120 kwa wiki, na rame moja ya karatasi 500 inamaliza mwezi. Maelezo ambayo yangenakiliwa yanakuwa yameshachapwa, kwa hiyo dakika za darasani zinarudi kwa mwalimu.

Kinachoandikwa humo ndicho kinachoamua kila kitu. Tuseme ni mwaka wa nane, milinganyo. Mistari ya kwanza inaonyesha mfano uliokamilika, hatua kwa hatua: 3x + 5 = 20, kisha 3x = 15, kisha x = 5. Wa pili una mapengo: 4x + 3 = 27, 4x = ..., x = ... Halafu mawili ya kufanya mwenyewe. La mwisho ni jibu lililokosewa makusudi: 2x − 7 = 9, 2x = 2, x = 1; tafuta kosa liko wapi. Mtoto anayeona kwamba 7 ilipaswa kujumlishwa upande wa pili, na kwamba x ni 8, ameelewa kuliko aliyefanya mazoezi kumi ya kuigiza. Jumla dakika 30 au 40, zimalizike kabla ya giza, maana umeme ukikatwa jioni mshumaa hauwezi kuhudumia kaye tatu mezani. Chini kabisa acha mstari mmoja: «Nilikwama hapa: ...»

Makosa ya walimu wanaoanza ni yale yale. Wanaweka somo jipya kabisa kwenye karatasi, mtoto anakwama mstari wa pili, mzazi naye hajui, karatasi inarudi tupu. Au wanaweka mazoezi 15, halafu wanashangaa kuona majibu ya watoto 60 yanafanana hadi kwenye kosa: mmoja kafanya, wengine wamenakili ukutani mwa shule dakika kumi kabla ya kengele. Mazoezi manne yanatosha. Kosa baya kuliko yote ni mwalimu kurudia somo zima kwa ajili ya wale ambao hawakufanya. Wiki inayofuata hakuna atakayefanya, na atakuwa na haki. Ambaye hakufanya akae dawati la mbele, amalize karatasi yake kwa dakika kumi wakati wenzake wanaendelea na zoezi gumu.

Na kusahihisha? Kaye 60 kila siku hakuna anayeziweza, hasa kwa mshahara ule. Fungua kipindi kwa maswali matatu mafupi yaliyotoka kwenye karatasi, yajibiwe kwenye kipande cha karatasi, wabadilishane na jirani, majibu yaandikwe ubaoni, dakika saba basi. Kisha chukua kaye za safu moja tu. Safu ni sita zenye watoto kumi kumi. Kila siku ya masomo safu moja, Jumatatu hadi Jumamosi, bila kutangaza mapema ni ipi. Ukisoma ile mistari ya «nilikwama hapa» ya watoto kumi, unajua kesho uanzie wapi.

Mzazi hatakiwi kufundisha. Hili wengi wetu wa diaspora hatulielewi, tunapiga simu kumlaumu dada kwamba hamsaidii mtoto algebra. Anachotakiwa kufanya ni kuomba aone karatasi, kumwambia mtoto amwelezee kwa Kiswahili alichofanya, na kutia sahihi. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili anachokisoma kwa Kifaransa ameshika maana. Ila maneno ya somo yabaki kwa Kifaransa kwenye karatasi, kwa sababu Egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, itamuuliza kwa Kifaransa, haitamuuliza kwa lugha ya nyumbani.

Simu ina nafasi yake, ndogo. Simu ya familia kwa kawaida inatoka asubuhi na baba au inaenda sokoni na mama, inarudi saa moja usiku. Ujumbe uliotumwa saa nane mchana mtoto anauona amechoka, au hauoni. Tuma jioni ya siku iliyotangulia. Tuma sauti, acha video: dakika 10 za sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni MB 2.4, video ya muda huo huo, hata ya ubora wa kawaida, inaweza kupita MB 50, na mega hununuliwa kwa pesa ya unga. Kundi la WhatsApp lifungwe ili mwalimu peke yake aandike, la sivyo kufika saa tatu usiku kazi ya hesabu imezikwa chini ya maombi, salamu na matangazo ya sabuni.

Bado mnataka mashine? Basi si laptop 20. Laptop ya ofisi inakuja na betri iliyokufa na chaja ya wati 65, na mara tu inapoonja intaneti inaanza kujisasisha na kumaliza forfe, yaani bando, ya wiki. Raspberry Pi 4 moja, kompyuta ndogo ya kiganjani, inakula kama wati 5. Iwekeni programu ya Kolibri, ambayo inafanya kazi bila intaneti na ina masomo ya Kifaransa, pamoja na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, yenye Vikidia, ensaiklopidia ya watoto. Kadi ya kumbukumbu ya GB 128 inatosha. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema, na hiyo nusu inabeba Pi kama saa saba au nane. Watoto wenye simu mkononi wanaiunganisha kwa Wi-Fi yake kati ya zamu mbili, mmoja anapotoka na mwingine anapoingia. Simu zikizidi kumi na tano hivi, video zitakwama. Ongezeni ruta ndogo pembeni.

Kinachoiua Pi ni kadi. Umeme ukikatika ghafla inapoandika, au waya wa USB ukiwa mwembamba na volti zikashuka, mafaili yanaharibika, na Jumatatu haiwaki. Tumeni kadi mbili zenye vitu vile vile, moja ikae kwa prefe, mkuu wa shule, ndani ya bahasha, na waya mfupi, mnene. Mwalimu naye achague mapema video zipi zinalingana na programu ya Kongo, kwa sababu nyingi hazifuati mpangilio wake.

Pesa ya kusafirisha laptop kumi afadhali iende kwenye mashine ya fotokopia iliyotumika, tona (wino wake) na rame za karatasi. Ila tona inunuliwe kule kule Lubumbashi, na aina ya fotokopia ichaguliwe kwa kuangalia tona ipi inapatikana mjini. Mashine nzuri ya Ubelgiji isiyo na tona sokoni inageuka meza ya kuwekea chaki kabla ya Krismasi.